Ngome Zilizokuwa Jela

Vijana wenzangu, safari yetu ya Mombasa mpaka Lamu wengi mliiendea picha. Sawa, picha tumepiga. Sasa tuzungumze kuhusu zile kuta.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaiteka 1698. Hayo mnayajua tangu shule. Tusiloambiwa sana ni kwamba Waingereza waliifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Na Ngome ya Lamu, pale mbele ya soko, ilikuwa jela mpaka 1984. Uhuru tumepata 1963, hesabu mwenyewe! Wapo wazee walio hai wanaoikumbuka. Waulizeni kabla hawajaondoka.

Njiani tuliteremka Gede. Msikiti hauna paa, mihrabu ipo, kisima kipo, waumini hakuna.

Lakini ukiingia Msikiti Riyadha, Lamu, utasikia watu wanasoma. Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija, akasomesha watumwa na maskini, watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae darsani pamoja nao. Walimlaumu, hakuacha. Mimi nilikaa pale kuliko ngome zote mbili, manake nilijiuliza: madrasa ya mtaani kwetu, ni mtoto wa nani hatumtaki?

Basi, mnaokwenda awamu ijayo, bebeni vitambulisho. Njia ya Lamu ina vizuizi vya polisi, na mtu akikosa kipande anateremshwa peke yake. Asiachwe. Mteremke nyote.