Jumapili ni ya Nani Nyumbani Mwetu?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii kutoka Majengo, Mombasa, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia.)



Najua wengine wenu mmeamka kabla ya jogoo, mkafungulia mbuzi, mkatembea hadi barabarani kungoja matatu, ndipo mkafika hapa. Kwa hiyo sitawachosha.

Mada niliyopewa na kamati ni imani na shukrani katika familia ya Kikristu. Ni mada nzuri, lakini ni rahisi kuizungumzia kwa maneno matamu ambayo ukifika nayo nyumbani hayachoti hata ndoo moja ya maji. Mie nilisomea diploma ya kazi za jamii, sikusomea uhubiri. Basi nitawaeleza tu wikendi ya nyumbani kwangu inavyokwenda, na kosa nililolifanya humo kwa muda mrefu.

Kwa wasioijua Majengo: ni mtaa wa pale Kisiwani Mombasa, watu wamesongamana. Nyumba nyingi za zamani ni zile za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua ambako ndiko kupika, kufua na kila kitu. Jirani zetu wengi ni Waislamu. Adhana ya alfajiri ndiyo inayotuamsha sisi Wakatoliki twende Misa ya kwanza, na hilo nalishukuru maana saa yangu haiaminiki. Maji ni taabu. Bomba la kutoka Mzima lilifika Mombasa mwaka 1957, mji ukakua, mifereji ikabaki kukohoa. Siku nyingi twanunua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, na mtu lazima awepo kuyapokea na kuyamimina kwenye mapipa.

Sasa tazameni Jumamosi yangu. Asubuhi Marikiti kununua mboga kabla jua halijawa kali. Nguo za wiki nzima zafuliwa. Mtoto mkubwa ana mafundisho ya Kipaimara, wa pili kwaya, wa mwisho ana kelele tu. Saa nane chama, saa kumi Jumuiya. Ukitokea msiba au harambee, twaongeza. Mume wangu hufanya kazi kwa zamu, kwa hiyo Jumamosi nyingine yuko kazini na nyingine amelala. Jumapili ni Misa, kisha wageni, kisha chakula, kisha kupiga pasi sare za shule. Usiku ukiingia nilikuwa najisifu moyoni: leo tumemtumikia Mungu.

Sikuwaambia kwamba tulikuwa na msichana wa kazi. Mwaona? Hata katika hadithi yangu nimemsahau mpaka sasa hivi.

Alikuwa kijana wa miaka 19, ametoka mashambani huku huku Pwani. Sisi tukienda Misa, yeye apokea maji. Tukirudi, chai iko mezani. Sikumtukana, mshahara nilimlipa kila mwisho wa mwezi, na alikula chakula tulichokula. Nilijiona mwajiri mwema.

Jumapili moja tulikuwa na wageni wa Jumuiya. Pilau imepakuliwa, nikasimama kuongoza sala. Nilisali vizuri sana siku hiyo, msinicheke. Nilimshukuru Mungu kwa chakula, kwa wageni, kwa watoto, na kwa zawadi ya siku ya kupumzika. Nilipofungua macho niliona mlango wa ua uko wazi, na yule kijana yuko kwenye karai la masufuria, povu hadi viwikoni.

Hata hapo sikushtuka. Aliyenishtua ni jirani, bi mkubwa mmoja anayeuza mahamri na mbaazi barazani kwake. Jioni nilikwenda kumrudishia sinia lake. Akaniambia, "Mwanangu, dua yenu niliisikia, nzuri. Sasa na huyu kijana wako, Jumapili yake ni lini?"

Nikamjibu, "Bi mkubwa, yeye hupumzika kazi ikipungua."

Akanitazama. "Na kazi hupungua lini?"

Nilirudi ndani nikiwa na hasira, nawaambia kweli. Nilifikiri, Muislamu atanifundisha Jumapili? Usiku nikachukua Biblia. Amri ya siku ya mapumziko imeandikwa mara mbili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, sababu yake ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika baada ya kuumba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, sababu ni nyingine: mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike sawa na wewe, kwa kuwa wewe pia ulikuwa mtumwa Misri. Nimeisikia ikisomwa kanisani tangu utoto, na sikuwahi kuona kwamba yule mtumishi wa kike ametajwa humo, na hata ng'ombe na punda wametajwa. Papa Yohane Paulo wa Pili naye aliandika barua ndefu juu ya siku ya Bwana mwaka 1998. Nilikuwa nayo kabatini. Ilikuwa na vumbi.

Na tukiiacha Biblia kidogo, sheria ya Kenya nayo imesema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Haikusema isipokuwa wa nyumbani. Mimi niliyekuwa nazunguka na karatasi za haki za akina mama, sikuwa nimeipigia hesabu ndani ya ua wangu.

Tukaitana kikao, mume wangu, watoto na yule kijana mwenyewe. Nikamwomba msamaha mbele ya watoto. Hakujua aangalie wapi. Tukakubaliana Jumapili yote ni yake, toka Jumamosi jioni. Nilidhani atakwenda kanisani au kutembea. Jumapili ya kwanza alilala mpaka saa saba mchana.

Na sisi? Lo! Maharagwe yaliungua. Misa tulifika wakati wa somo la pili. Mume wangu alinung'unika kwamba mwanamume kumimina maji ya mkokoteni mbele ya majirani ni aibu, na kweli vijana wa barazani walimtania. Lakini alimimina, na mwezi wa pili alikuwa akimpigia kelele mwenye mkokoteni kama fundi wa siku nyingi. Watoto wakubwa wakajifunza kupiga pasi sare zao Jumamosi. Sare moja ina alama ya pasi mpaka leo. Mie niliacha chama kimoja kati ya viwili, na hilo liliniuma kwa sababu ndicho kilichokuwa na watu wakubwa wakubwa. Jumapili twala chakula chepesi, mara nyingine mahamri na mbaazi za bi mkubwa, na wageni wetu wamezoea.

Zamani nilidhani shughuli ndizo zinazonizuia kushukuru, kwamba nikipata utulivu nitasali vizuri. Utulivu haukuja, nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikiwa kwenye karai mimi mwenyewe, najua chakula cha watu wanane kina masufuria mangapi. Kabla ya kula, kila mtoto humtaja mtu mmoja ambaye kazi yake ameitumia siku hiyo. Mwanzoni walitaja mama na baba tu, kwa kujipendekeza. Siku hizi utasikia mwenye mkokoteni, kondakta, mwanamke wa mchicha pale Marikiti. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani. Zamani nikilisikia neno hilo nilifikiria picha ya Bikira Maria ukutani. Siku hizi nafikiria ule ua wetu.

Sikusema tumefaulu. Kuna Jumapili ya msiba ambapo kijana alijitolea kubaki, nami nikakubali haraka mno. Tulimlipa siku hiyo, lakini nilijua ninarudi kule kule.

Sasa nawageukia ninyi, maana hili si la mjini peke yake. Wasichana hawa hutoka wapi? Hutoka kwenu. Wengi mlioketi hapa mna binti, au binti wa ndugu, katika nyumba za Mombasa au Nairobi, na pesa anazotuma ndizo zinazoingia kwenye mchango wa kikundi kila mwezi. Hebu tuulizane bila kuoneana haya: alipochukuliwa, nani aliuliza siku yake ya kupumzika? Tuliuliza mshahara. Sheria ile ile yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Katibu wa kikundi anaweza kuuandika kwenye karatasi ya daftari: mshahara, siku ya mapumziko, likizo, nauli ya kurudi. Mwajiri akikataa kutia sahihi, mmemjua mapema. Na jumuiya za mjini zaweza kumtembelea binti mara moja kwa mwezi, kama tunavyowatembelea wagonjwa. Kwetu tumeanza, nyumba nne tu, na mbili kati yake hazikupenda. Nipeni majina ya mitaa waliko mabinti zenu, nitaondoka nayo leo.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Chai iko tayari, na nimeambiwa leo waliopika ni akina baba wa kamati. Twendeni tukainywe, na vikombe tutaosha wenyewe.