Kuweka Programu ni Kazi ya Saa Moja, Kuitunza ni Kazi ya Kila Siku

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuweka programu ya kumbukumbu katika seva ya chama, na namna ya kuisimamia. Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Karani wa mizani aandikapo kilo za mkulima, na mtunza hazina atafutapo malipo ya mkulima huyo huyo, wote wawili huifungua leja moja iliyomo ndani ya seva. Kwa hiyo seva ikiharibika, leja ya chama kizima imeharibika.

Nitatoa mfano wa PostgreSQL, programu ya kutunza kumbukumbu ambayo asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chama chochote chaweza kuitumia bila kulipa ada ya leseni. Katika seva yenye mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, programu huwekwa kwa chombo kiitwacho apt. Fundi huanza na amri «apt update», ili orodha ya programu zilizopo isomwe upya; kisha hutoa amri «apt install postgresql». Chombo hicho huleta programu pamoja na vyote inavyovihitaji, na hukagua saini ya ghala ilikotoka, kama vile mpokeaji mzigo akaguavyo lakiri kabla ya kutia sahihi. Ndiyo sababu haifai kuweka katika seva programu isiyojulikana ilikotoka.

Kazi hiyo haizidi saa moja. Lakini wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, na hapo ndipo hasara huanzia. Yako mambo matatu ya kusimamia.

La kwanza ni maneno ya siri. Kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri, apewe ruhusa ya kazi yake tu. Karani wa mizani aweze kuandika mapokezi, asiweze kufuta malipo. Neno la siri la msimamizi mkuu litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, likae ndani ya kasha la fedha la chama. Ikiwa neno hilo limo kichwani mwa mtu mmoja tu, siku atakapohama au kufariki, chama kitabaki na leja kisichoweza kuifungua.

La pili ni masahihisho. Watengenezaji wa PostgreSQL hutoa masahihisho madogo walau mara moja kila miezi mitatu, na kila toleo kubwa hulihudumia kwa miaka mitano. Masahihisho madogo yasicheleweshwe. Kuingia toleo kubwa jipya huhitaji kuzihamisha kumbukumbu, na kazi hiyo isifanywe katikati ya msimu wa ununuzi.

La tatu, na ndilo kubwa, ni nakala za akiba. Chombo kiitwacho pg_dump hutoa nakala ya kumbukumbu huku kazi ikiendelea. Itolewe kila jioni, na nakala moja ikae nje ya ofisi, maana iliyomo ndani ya seva itaungua pamoja na seva. Tena nakala isiyojaribiwa haiaminiki. Kila baada ya miezi mitatu, fundi airudishe katika kompyuta nyingine. Kamati ichague wanachama kumi, ilinganishe hesabu zao na stakabadhi zilizomo mikononi mwao, kisha itie sahihi.

Ndugu zangu, mkulima hajui apt ni nini, wala halazimiki kujua. Ajualo ni kilo alizopima na fedha anayoingojea. Kwa hiyo, kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu ajiulize: neno la siri liko wapi? Masahihisho ya mwisho yaliwekwa lini? Nakala ya akiba ilijaribiwa lini, na mbele ya nani? Asiye na majibu na aanze kuyatafuta kesho asubuhi.