Ua Lililoonekana Ndani



Mama mmoja wa hapa kwetu Adu alikohoa muda wa miezi mitatu. Aliambiwa aende Malindi akapigwe picha ya kifua kwa eksirei, akakataa. "Padre," aliniambia, "mashine ile humvua mtu mpaka mifupani. Nitabaki na nini?"

Wala sikumcheka. Mwaka 1895, Profesa Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipoigundua miali hiyo, aliupiga picha mkono wa mkewe. Ikatoka mifupa mitupu, na pete kidoleni.

Nilirudi nyumbani nikachukua kitabu chenye picha za Daktari Dain Tasker. Huyu alizaliwa mwaka 1872, akawa mkuu wa eksirei katika Hospitali ya Wilshire mjini Los Angeles, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutafuta ugonjwa ndani ya miili ya watu. Lakini katika miaka ya 1930 alianza kuweka maua mbele ya mashine: waridi, yungiyungi, na mengineyo. Ua halina mfupa, ndugu zangu. Miali ya nguvu hulipita kana kwamba hakuna kitu. Yataka miali hafifu. Ndipo petali huonekana kama moshi, moja nyuma ya nyingine, na pale zinapopandana kivuli huzidi. Na katikati, mahali jicho lisipofika, huonekana kifuko kinachotunza mbegu. Rangi hakuna, harufu hakuna. Mimi nilidhani ua lisilo na rangi halina kitu tena, nilikosea. Bwana alituagiza tuyatazame maua ya kondeni, nami nimeihubiri Luka 12 mara nyingi bila kufikiri habari za ndani ya ua.

Mama aliitazama picha ya waridi, ya mwaka 1936, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na ua lenyewe liliharibika?"

Nikamwambia, "La, mama. Miali hupita tu."

Alhamisi tulipanda gari. Picha ilionyesha doa katika pafu la kushoto. Makohozi yakapimwa, ikawa ni kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Kabla ya kuondoka aliomba aione picha yake. Daktari akaiinua penye mwanga. Mama akazitazama mbavu zake kwa muda mrefu, akanigeukia. "Padre, lile ua lilikuwa zuri zaidi."

Sasa amebakiza miezi miwili ya dawa, na anakuja kanisani kwa miguu yake. Mumkumbuke katika maombi yenu.