Kijiji Kikianza Kuwa Mji



Sisi ni wanafunzi wa mipango miji. Tunajifunza kazi ya kupanga mahali pa nyumba, barabara, soko, shule na makaburi. Watu wakituona na kamba na ramani, wengine husema, "Hao wamekuja kutunyang'anya mashamba." Hatuwalaumu. Lakini leo tunataka tuzungumze juu ya miji, maana mji hauanzii mbali. Unaanzia hapa hapa penu.

Tazameni Dar es Salaam. Mwaka 1967 watu wake hawakufika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Watu hao wote walipata wapi pa kukaa? Wengi walijipatia wenyewe. Mtu alinunua kipande cha shamba la mihogo au minazi kwa mwenyeji, akajenga nyumba ya vyumba sita. Ndugu yake akaja, akajenga nyuma yake. Jirani akajenga ubavuni. Ndivyo ilivyokua Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro.

Zamani serikali ilikuwa ikibomoa nyumba za namna hiyo. Mwaka 1972 ikaamua kuacha kubomoa ovyo, na badala yake kuyatengeneza maeneo hayo. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kazi ikafanyika kwa njia mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja kwanza, watu wakajenga baadaye. Manzese watu walikuwa wamekwisha jenga, kwa hiyo barabara na mabomba vilifuata nyuma. Jamani, hizo kazi mbili hazilingani. Kupitisha barabara kwenye uwanja mtupu ni kazi ya kamba na vigingi. Kuipitisha kati ya nyumba za watu kuna machozi, kuna fidia, kuna kesi.

Iko habari nyingine ya Bonde la Msimbazi, pale Jangwani. Bonde ni mahali pa maji. Watu walijenga humo kwa sababu ni karibu na mjini na kodi ni nafuu. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakaua watu na kuharibu nyumba. Baadhi ya waliookolewa walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na shughuli zao za kila siku. Sisi hatusemi watu wale walikuwa wajinga. Maskini hujenga mahali anapopaweza. Lakini kama bonde lile lingeachwa tangu mwanzo liwe la bustani na viwanja vya mpira, maji yangepita bila kubomoa nyumba ya mtu.

Sasa turudi kwenu. Lami imefika. Kuna mashine ya kusaga, kuna duka la mbolea, kuna nyumba ya wageni. Mzee mmoja anakata kipande cha shamba anamuuzia mwalimu. Mwingine anamuuzia mwenye duka. Kila mmoja anajenga na mlango wake unatazama anakotaka. Baada ya miaka kumi, mama mjamzito anashikwa na uchungu usiku, na gari haliwezi kuingia. Anabebwa kwa kitanda kupita vichochoroni. Choo cha huyu kiko hatua chache kutoka kisima cha yule. Moto ukiwaka nyumba moja unarukia ya pili. Hapo ndipo mtu husema, "Serikali ije itupangie." Ipange wapi tena?

Kuhusu lami yenyewe, tuseme wazi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa mita 22 na nusu. Atakayewauzia kiwanja "kizuri cha biashara" karibu na lami, mwambieni kwanza mpime kwa kamba. Alama nyekundu ya X ukutani haijali uliuziwa na nani.

Na ardhi ni ya nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Mkutano mkuu ni ninyi, wake kwa waume, mlio na umri wa miaka 18 na zaidi. Mnaweza kukaa mkapatana: hapa njia ya gari, hapa soko, hapa makaburi, hapa malisho, bondeni pasijengwe. Mpango ukikubaliwa, uandikwe. Ninyi mnajua kusoma, basi usomeni kabla ya kutia sahihi, na ramani muitazame: je, kisima chenu kimo? Njia ya ng'ombe imo? Sisi wapimaji na wapangaji tunaujua upana wa barabara, lakini hatujui maji ya masika hupita wapi hapa kwenu. Akina mama wanaochota maji wanajua zaidi yetu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao, kabla kiwanja kingine hakijauzwa.