Jua, Moto na Kuvu: Mhadhara wa Umma juu ya Usalama wa Dawa za Miti Shamba



Katika uwanda huu wa kati, hapa Dodoma, ambao hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili kisha ikaaga, jua limekuwa tangu zama za kale mtunza akiba wa wenyeji. Ndilo lililokausha mlenda wa Wagogo ukadumu hadi kiangazi, na ndilo likaushalo leo majani ya mlonge yanayosagwa na kuuzwa kwa vikopo, mnunuzi akiahidiwa siha na nguvu. Kwa sababu ya fadhila hizo watu wameingiwa na itikadi kwamba kilichokauka kimetakasika, nami nimesimama leo kuipinga itikadi hiyo.

Waama, ukavu huzuia vijidudu visizaane, lakini hauviui vyote. Bakteria wa salmonela huweza kudumu hai miezi mingi ndani ya unga mkavu. Na majani yaliyoanikwa juu ya ardhi tupu, kuku na mbuzi wakipita, kisha yakachambuliwa kwa mikono isiyooshwa, huingia kinuni pamoja na najisi zake. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka dawa ya mimea inayonywewa isiwe na salmonela hata chembe. Wala hiyo si hofu ya vitabuni, maana mwaka 2018 huko Marekani bidhaa za majani ya mmea uitwao kratomu zilihusishwa na maradhi ya salmonela kwa watu 199 katika majimbo 41.

Wazee wetu walipata salama kwa njia ambayo sisi tumeiacha: mizizi na magome aghalabu waliyatokosa, na mlenda waliupika chunguni. Unga wa siku hizi hukorogwa katika maji baridi, au hunyunyizwa juu ya uji uliokwisha kupoa, hata ikawa tumeibakiza dawa na kumfukuza moto aliyekuwa mlinzi wake.

Hata hivyo, moto nao una mpaka wake. Mwaka 2016, hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 68 waugue, na 20 miongoni mwao wakafariki. Nayo sumu hiyo haivunjwi na chungu cha nyumbani. Kuvu yule yule aitoaye sumu hiyo, apatapo unyevu, huota juu ya majani na mizizi ya dawa kama aotavyo juu ya nafaka. Kwa salmonela, basi, kinga ya mnywaji ni kuchemsha. Kwa sumukuvu hakuna ila kutangulia: kuanika juu ya chanja, kukausha upesi, na kuweka akiba pasipo unyevu.

Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 ilimtambua mganga wa tiba asili na kumwekea Baraza. Nawasihi wanazuoni tumfungulie na maabara zetu, apimiwe unga wake kabla haujafika sokoni. Na nawasihi nyinyi wanunuzi, msiunywe unga wa majani ambao haujaonja moto, wala msiununue ulioshikwa na unyevu, hata ukisifiwa vipi.