KUGAWANYA NAMBA NZIMA KWA SEHEMU: MTOTO AELEWE KABLA YA KUKARIRI

(Nakala ya mazungumzo kwa walimu, wazee wa wanafunzi, wafanyakazi wa Serikali na wananchi)



Ipo hesabu moja fupi ambayo huwashinda watoto wengi wa skuli za msingi, na hata baadhi ya watu wazima. Hesabu hiyo ni 6 ÷ ½. Mtoto akiulizwa, mara nyingi hujibu kwa haraka kuwa ni 3. Jibu sahihi ni 12. Kosa hili halitokani na uvivu wala ubutu wa akili. Lina vyanzo vyake, na vyanzo hivyo vikijulikana, kulirekebisha si kazi kubwa.

Chanzo cha kwanza ni lugha. Katika Kiswahili cha kila siku, kugawa ni kumpa kila mtu fungu lake. Mama akiwagawia watoto 2 maandazi 6, kila mmoja hupata 3. Aidha, husemwa kuwa kitu kimegawanywa "nusu kwa nusu", kwa maana kwamba kimekatwa mafungu mawili yaliyo sawa. Basi mtoto anapoambiwa "sita gawanya kwa nusu", yeye husikia "sita ikatwe nusu", naye hujibu tatu. Hakukosea kwa alichokisikia. Amejibu suali jengine.

Chanzo cha pili ni mazoea. Tangu madarasa ya chini mtoto ameona kuwa kugawanya hupunguza: 12 ÷ 3 ni 4, na 20 ÷ 5 ni 4. Siku anapopata jibu lililo kubwa kuliko namba aliyoanza nayo, hudhani amepotea njia na hulifuta.

Dawa yake ni kulibadilisha suali. Badala ya kuuliza "kila mmoja atapata ngapi?", mwalimu aulize "zimo ngapi?". Tatu zimo ngapi ndani ya sita? Zimo 2. Mbili zimo ngapi? Zimo 3. Moja zimo ngapi? Zimo 6. Na nusu zimo ngapi? Kila nzima moja ina nusu 2, kwa hiyo nzima 6 zina nusu 12. Robo je? Zimo 24. Hesabu hizi zikiandikwa ubaoni moja chini ya nyengine, mtoto ataona kwa macho yake kuwa kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, ndivyo idadi inavyozidi. Hapo hatashangaa tena kuona jibu kubwa.

Elimu hii si ngeni katika mwambao. Kabla ya kilo kuenea madukani, nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba 2 ni kisaga kimoja, na visaga 2 ni pishi moja. Kibaba basi ni robo ya pishi. Nyumba yenye watu 5 inayotoa zaka ya fitri, pishi moja kwa kila mtu, hutoa pishi 5. Ikiwa chombo kilichopo ni kibaba, kitajazwa mara ngapi? Ni 5 ÷ ¼, nalo jibu ni 20. Bibi aliyepima mchele kwa kibaba aliifanya hesabu hii bila ya chaki wala daftari.

Vyuoni nako watoto husikia majina ya sehemu mapema. Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Matano kati ya hayo yana 1 kwa juu, nazo ndizo sehemu zinazozungumzwa hapa. Mtoto anayejua kuwa thumni ni moja ya nane hana kizuizi cha kuelewa kuwa nzima 3 zina thumni 24.

Faida ya elimu hii huonekana zaidi panapokuwa na mali. Uchukuliwe mfano wa Chanika, katika Wilaya ya Ilala, viungani mwa Dar es Salaam, ambako mashamba yamekuwa yakikatwa viwanja vya kujenga. Mzee mwenye shamba la eka 3 akitaka kulikata kwa robo eka, hesabu yake ni 3 ÷ ¼, yaani viwanja 12, kabla ya kuondoa njia za kupita. Akimtuma mjukuu wake amfanyie hesabu, na mjukuu akazidisha mahali pa kugawanya, ataletewa jibu la robo tatu, ambalo halimfai kitu.

Mnunuzi naye ana hatari yake. Kwa hesabu ya mitaani, eka moja huchukuliwa kuwa hatua 70 kwa 70. Mtu akiuziwa nusu eka, kisha akapimiwa hatua 35 kwa 35, anaweza kuridhika kwa kuwa 35 ni nusu ya 70. Lakini na ajiulize suali lile lile: vipande kama hiki vimo vingapi ndani ya eka moja? Vimo 4, viwili mbele na viwili nyuma. Nusu hazizidi 2 ndani ya nzima moja. Basi alichopewa ni robo, na amelipia nusu. Nusu eka ya haki ni hatua 35 kwa 70. Suali la darasani limemwokolea mtu kiwanja.

Baada ya mtoto kufahamu hayo, ndipo afundishwe kanuni ya kugeuza sehemu na kuzidisha. Katika 6 ÷ ¼, asili, yaani namba ya chini, ni 4. Namba hiyo inaeleza kuwa kila nzima ina vipande 4, kwa hiyo nzima 6 zina 6 × 4, yaani 24. Kanuni ikija mwisho huwa ni ufupisho wa jambo linalojulikana. Ikija mwanzo, mtoto huikariri, na ikimtoka kichwani hana pa kurejea.

Kwa hivyo walimu wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Waanze na vitu vinavyoshikika: karatasi za kukunja, kamba, machungwa, au kibaba na mchanga.

2. Wachore mstari wa namba na kumwachia mtoto ahesabu miruko ya nusu au robo kutoka 0.

3. Wamzoeshe kutaja jina la jibu: si "24" tu, bali "robo 24".

4. Watofautishe masuali matatu yanayofanana: robo zilizomo ndani ya mikate 6 ni 24; robo ya mikate 6 ni mkate mmoja na nusu; na robo ya mkate ikigawiwa watu 6, kila mmoja hupata moja ya ishirini na nne.

Msingi huu una uzito wa pekee visiwani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na Tanzania Bara mabadiliko ya lugha humfika mtoto wa skuli ya Serikali anapoingia sekondari. Mtoto aliyeifahamu maana kwa lugha yake atajifunza jina jipya la jambo analolijua. Asiyeifahamu atabeba mizigo miwili kwa mara moja.

Wazee nao wana sehemu yao. Dukani, jikoni na shambani, mtoto aulizwe: robo ngapi zimo katika kilo 2 za sukari? Dakika moja yatosha. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aelezwe pia kuwa vibaba vinne hujaza pishi.