Kalamu ya Mkristo na Jirani Yake Mwislamu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu katika sikukuu ya Jubilii)



Kazi yetu sisi ni kutunga hadithi. Si kazi ya kulinganishwa na ile ya padre altareni, wala ile ya mwalimu darasani. Lakini hadithi huingia nyumbani mwa watu ambamo mahubiri hayafiki, ikakaa humo siku nyingi. Kwa hiyo mtungaji aliye Mkristo hana budi kujiuliza ni kitu gani anachokiingiza katika nyumba za wenzake. Leo twataka kusema juu ya jambo moja: yatupasaje kuandika habari za jirani zetu Waislamu, ambao twachota nao maji kisima kimoja, twazikana nao, na watoto wetu hukaa nao dawati moja?

Na tuanze kwa kukumbuka deni letu. Maneno tunayomwombea Mungu kila asubuhi tuliyapokea mikononi mwa Waislamu. Sala, imani, dhambi, rehema, malaika, sadaka, baraka, injili, hata msalaba: maneno hayo asili yake ni Kiarabu, nayo yalikwisha kukaa katika vinywa vya watu wa pwani kabla misioni haijapiga hodi. Dk. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Lifikirini jambo hilo. Hakimu wa sheria ya Kiislamu aliketi na mgeni Mkristo, wakatafuta pamoja maneno ya kueleza jinsi Mungu alivyoziumba mbingu na nchi. Tena, Askofu Steere alipozipiga chapa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, alikuwa amezisikia kwa wenyeji wa Unguja, mji wa Waislamu. Na Padre Taylor wa Mombasa aliongozwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah katika kukusanya mashairi ya Muyaka, yasipotee. Mtungaji Mkristo ashikapo kalamu kuandika Kiswahili, ameazima wino wa jirani yake.

Baada ya deni, yafaa tuseme juu ya hatari. Amri ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Watu hudhani ya kuwa amri hii ni ya barazani tu, mbele ya hakimu. Lakini hadithi nayo ni shahidi. Chukueni mfano wa kitabu chenye Waislamu watatu: wa kwanza ni mwizi, wa pili ni mganga mlaghai, na wa tatu ni mzee mwema anayebatizwa katika ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyetajwa kwa jina lake, wala hakuna neno la matusi. Hata hivyo kitabu hicho kimesema ya kuwa Mwislamu mwema ni yule aliyekwisha kuacha Uislamu wake. Msomaji Mkristo hatashtuka, atakifunga na kulala. Bali jirani yake akikisoma atajua jinsi anavyotazamwa kutoka upande wa pili wa ua, na kesho hatakuja tena kuazima moto.

Mfano mwingine ni wa kweli. Kanoni Godfrey Dale wa Unguja aliifasiri Kurani kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1923. Ilikuwa kazi ya elimu kubwa, lakini aliitia maelezo ya kuhojiana na imani ya Waislamu. Basi msomaji alifungua kitabu kitakatifu cha jirani akakuta hoja za kukipinga zimefungwa humo humo katika jalada moja. Si ajabu kwamba Waislamu hawakukipokea kama zawadi. Mtu akitaka kujua mwenzake anaamini nini, ni heri amwulize mwenyewe. Na tangu mwaka 1969 tunayo tafsiri nzima ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyeandika kama mwenye nyumba, si kama mpita njia.

Labda yuko atakayesema: Je, kwa ajili ya ujirani tunyamaze juu ya utumwa? Hasha! Anayenyamazia kilio cha watumwa naye ashuhudia uongo. James Mbotela, aliyezaliwa katika jamaa ya watumwa waliokombolewa, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na alifanya vema kuandika. Lakini kweli ikisemwa nusu yageuka kuwa silaha. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, ndiyo. Lakini bara walikuwako machifu na watu wetu wenyewe waliouza jirani zao, na pwani walikuwako Wafaransa, watu waliobatizwa, walionunua watumwa kwa mashamba ya miwa ya Réunion na Mauritius. Mwenye kuandika juu ya dhambi hii na awataje wote walioitenda.

Tena na ataje neema iliyokuja baadaye. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash alishurutishwa na Waingereza kuutia sahihi. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale Mkunazini, mahali pale pale pa soko. Mhindi mmoja tajiri, Jairam Senji, wa dini ya Kihindu, alitoa ardhi ya pale. Na saa ya mnarani, kama isimuliwavyo, ni zawadi ya Seyyid Barghash mwenyewe. Mkristo apigaye magoti humo apiga magoti juu ya zawadi za watu wasiosali kama yeye.

Msidhani, ndugu, kwamba haya ni maneno ya wasomi tu. Ulimi hauna mfupa, wala kalamu haina. Oktoba ya mwaka 2012, pale Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani ulivuka ua ukafika barabarani, na kabla ya siku chache kupita makanisa yalikuwa yamevunjwa na kuchomwa moto. Watoto hawazaliwi na ubishi wa namna ile. Wameusikia mahali, na mahali pengine ni katika hadithi tunazowasimulia.

Lakini yako na mengine ya kusimulia. Novemba ya mwaka 2014, karibu na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, watu wa Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Amri ilikuwa ile ile: Waislamu wajitenge. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa wajifunike vichwa, na abiria wakasema ya kuwa wauawe wote au waachwe wote. Mmoja wao, Salah Farah, alikuwa mwalimu kama wengi wenu hapa. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016 hospitalini Nairobi.

Mtungaji angalibuni habari hii, wangalimwambia amepamba mno. Imetukia. Na liangalieni jambo lililo zito kwetu: watu wale hawakufanya hivyo kwa kuwa wamekaribia kuwa Wakristo. Walifanya hivyo hali wakiwa Waislamu, na kwa dini yao. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa hadithi. Na katika hadithi yake aliyefanya rehema alikuwa mtu wa dini nyingine, wala mwisho wake hatuambiwi kwamba Msamaria alibadili mahali pake pa kuabudia. Alimwacha vile alivyo, akatuagiza tukafanye kama yeye. Sisi watungaji hatukupewa ruhusa ya kuiongezea hadithi ile sura ya pili.

Je, basi tuifiche imani yetu? La. Sisi twaamini ya kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulibiwa, akafufuka. Jirani yetu amheshimu Isa kuwa nabii, na ndani ya Kurani iko sura nzima iitwayo kwa jina la Mariamu. Lakini hayo matatu ayakana. Tofauti hii si ndogo, na upendo unaoifunika kwa tabasamu ni adabu tu. Katika hadithi njema Mkristo na asali kwa imani yake yote, na Mwislamu naye asali kwa imani yake yote, na msomaji aone ya kuwa kila mmoja anajua anachokiamini. Wako wenzetu waliotutendea hivyo. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika kitabu chake Afterlives cha mwaka 2020 aliandika juu ya askari Mwislamu aliyejeruhiwa vibaya, akauguzwa katika misioni ya Wajerumani hata akapona. Mchungaji wa misioni ile si malaika wala si shetani, ni mtu. Hatuombi zaidi ya hayo kwa ajili yetu, nasi tusitoe pungufu ya hayo kwa wengine.

Kwenu walimu tuna maombi matatu. Wasomesheni watoto wetu vitabu vya Waislamu, na kwanza vya Shaaban Robert, wajifunze Kiswahili chema na moyo mwema kwa pamoja. Mfundishapo habari za utumwa, msiache sehemu iliyo yetu. Na mtoto aandikapo insha juu ya jirani yake, mwulizeni kama yuko tayari kumsomea jirani huyo kwa sauti, ana kwa ana. Sisi wenyewe twaishika kanuni hiyo: hadithi yenye Mwislamu ndani yake haiendi kwa mpiga chapa mpaka Mwislamu ameisoma. Mara nyingine hurudi na alama nyingi pembeni, nasi twashukuru.

Mungu aibariki Jubilii hii. Awabariki waliotutangulia, na kadhi yule wa Mombasa pamoja nao. Atupe sisi tulio hai kusema kweli katika upendo, kwa midomo na kwa kalamu. Amina.